Tumbi, Wapo?

"Tumbi wapo?" Konda huuliza hivyo basi linapoikaribia hospitali ya Tumbi, Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, na abiria mmoja au wawili hujibu "wapo" au "shusha". Hakuna anayechungulia dirishani kutafuta kibao. Kituo kinajulikana kwa mdomo, kama vinavyojulikana Maili Moja, Picha ya Ndege, Mkoani, Kwa Mathias, Mwendapole, Kwa Mfipa na Miembe Saba. Anayepanda gari kutoka Mbezi hadi Mlandizi huyasikia majina hayo yote ndani ya safari moja, na kama ana masikio ya kusikia, atakuwa amesomewa historia ya Kibaha bila kufunguliwa kitabu.

Maili Moja ni kipimo cha Waingereza kilichobaki mdomoni mwetu hata baada ya nchi kuanza kuhesabu barabara zake kwa kilomita. Kwa Mfipa ni ushahidi kwamba mtu wa Ufipa, kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja, alifika kwenye nchi ya Wazaramo, akakaa, akajulikana, mpaka mahali pakaitwa kwa kabila lake. Miembe Saba inanigusa zaidi. Katika Uzaramo mwembe ni zaidi ya mti wa matunda. Ukikuta miembe mikubwa porini, imesimama pamoja bila nyumba hata moja, ujue umeingia kwenye mahame: palikuwa na watu hapa, palikuwa na kitovu cha mtu na makaburi ya watu. Serikali ilipowahamishia wananchi vijijini miaka ya 1970, nyumba za miti na makuti zilioza kwa masika machache, lakini miembe na minazi haikuhama. Mpaka leo wazee hutumia mwembe wa babu kuthibitisha kwamba shamba ni lao.

Kwa hiyo watu wa huku hawakuwahi kukosa alama za kumbukumbu. Wamezipanda, wamezitamka, na wengine wamezichonga. Wazaramo wa zamani walikuwa wakisimamisha kwenye makaburi ya wakubwa wao nguzo za mti zilizochongwa sura ya mtu, ndugu wa yule mwanahiti, sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali akiwa ndani. Nguzo za namna hiyo leo utaziona kirahisi zaidi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuliko Maneromango, huku kwetu Uzaramo.

Kilichokosekana ni maandishi kando ya barabara. Njia ya Morogoro imejaa mabango: viwanja vinauzwa, shule za bweni, waganga, mahubiri, saruji. Kuna vibao vya wakala wa barabara vyenye umbali na mwendo. Kuna alama nyingine ambayo kila mkazi wa njia hii anaijua, nayo ni ile X nyekundu inayopakwa ukutani kuonyesha kwamba nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi, na leo mtu akipita kwenye njia zile nane hawezi kujua duka la nani lilikuwa wapi. Na kuna mawe ya msingi. Jiwe la msingi ndilo kibao cha kihistoria tulichonacho kwa wingi, lakini lina mazoea yake: hukaa ukutani ndani ya geti, hutaja mheshimiwa aliyeliweka, cheo chake na tarehe. Halisemi ardhi ilikuwa ya nani, nani alichanganya zege, wala kwa nini jengo lile lilijengwa pale na si kwingine.

Wenzetu wa jimbo la Texas, Marekani, wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1936, jimbo lao lilipotimiza miaka 100 tangu kujitenga na Mexico, walisimamisha mamia ya mawe ya matale kwenye kaunti zao, mengi yakiwa kando ya barabara za vijijini. Baadaye wakahamia kwenye mabamba ya metali yenye maelezo marefu kidogo, na leo yamepita 16,000. Mwananchi wa kawaida anaweza kuomba bamba liwekwe; ombi hupitia kwa kamati ya historia ya kaunti, ushahidi hupimwa, maneno huhaririwa, kisha bamba husimamishwa kwenye kanisa dogo, makaburi au kisima ambacho dereva wa mbali angekipita bila kugeuza shingo. Wamefanya na makosa yao. Kwa miaka mingi mabamba hayo yaliwasifu walowezi weupe na askari waliopigania utumwa, na yakawasahau Waafrika na watu wa asili ya Mexico waliolima ardhi ile ile. Imebidi baadaye waanzishe utaratibu maalumu wa kuziandika habari zilizoachwa. Sisi tunaoanza sasa tuna bahati ya kuyaona makosa hayo kabla hatujachonga neno la kwanza.

Basi tuchukue njia hii yetu tuone ingeweza kusema nini.

Tuanzie mtoni. Mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, ndio uliokuwa lango la bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Kaole ilipita Uzaramo kabla ya kufika Ukutu na Usagara, na kupita Uzaramo kulikuwa na gharama yake. Machifu wa Kizaramo waliitwa Pazi. Simulizi za Wazaramo zinamtaja Pazi Kilama, aliyeshuka pwani kuwasaidia Washomvi, wenyeji wa huko, walipokuwa wakisumbuliwa na Wakamba. Akawashinda Wakamba, na tangu hapo watu wa pwani wakawa na deni la kumlipa ada yeye na uzao wake. Wenye misafara nao walitoa hongo: nguo, shanga, waya. Mzungu wa kwanza aliyedhani anaweza kupita kwa ujasiri wake tu alikuwa Maizan, afisa kijana wa jeshi la maji la Ufaransa. Aliuawa mwaka 1845 ndani ya Uzaramo, mahali palipoitwa Dege la Mhora. Miaka 12 baadaye, mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipita wakielekea kwenye maziwa makuu, na hofu ya kifo kile ilikuwa bado inatembea na wapagazi wao. Burton aliandika habari za njia hiyo kwa kirefu na kwa dharau nyingi kwa Wazaramo. Nami naona dharau yake ni sababu nyingine ya kutaka tuandike wenyewe.

Njia ya misafara ya pembe na watumwa imeshatambuliwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tazama mruko ule wa kwanza. Kutoka Bagamoyo orodha inarukia Mamboya, huko Kilosa, kana kwamba nchi iliyo katikati haikuwa na mtu. Walikuwapo Wazaramo, Wadoe, Wakwere na Waluguru, na mzigo uliopita ulipita mlangoni kwao.

Upande wa Kisarawe, kusini mwa njia hii, historia imelala kwenye vilima. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua kituo Pugu. Hakikudumu mwaka. Januari 1889, wakati pwani yote ilipokuwa imewaka kwa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa, watawa watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka na kukombolewa baadaye. Vitabu vya misheni vinalieleza tukio hilo kama kifo cha kishahidi. Kwa upande wa waliovamia, lilikuwa sehemu ya vita dhidi ya Kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imeshusha bendera ya Sultani na kujitwalia pwani mwaka uliotangulia. Kibao cha haki pale Pugu kingebeba yote mawili kwa sentensi mbili. Miaka michache baadaye Walutheri wa Berlin wakajenga misheni Kisarawe, kisha Maneromango, na kutoka Maneromango wakatoka walimu Wazaramo waliosambaza elimu ya kusoma katika vijiji ambavyo barabara ya gari ingevifikia baada ya miongo.

Mwaka 1905 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam, ikapanda vilima vya Pugu, ikapita Soga, ikavuka Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Na katika mwaka huo huo wa 1905, huko kusini Umatumbi, vita vya Maji Maji vilizuka juu ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa, vikaenea mpaka Uzaramo. Kibasila, jumbe wa Kizaramo wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa waliowapinga Wajerumani, nao wakamnyonga. Jina lake liko kwenye shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, na maelfu wamesoma pale. Lingestahili pia kusomwa na mtu anayeshuka kwenye gari Kisarawe, nchi aliyoifia.

Pugu ilirudi kwenye historia kwa mlango wa darasani. Wakatoliki walijenga huko Chuo cha Mtakatifu Fransisko, na baada ya kurudi kutoka Edinburgh, Julius Nyerere alifundisha hapo. Wakati TANU inaundwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake alikuwa mwalimu wa Pugu aliyelazimika kusafiri kwenda mjini kwa mikutano na kurudi kusahihisha madaftari. Machi 1955, alipotoka kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York, ilibidi achague kati ya mshahara na chama. Akajiuzulu ualimu. Jina "Mwalimu" analoitwa mpaka leo lilipata uzito wake pale. Kati ya wanafunzi waliopita shule hiyo miaka ile yumo Benjamin Mkapa. Si mbali na hapo iko Minaki, ambako Waanglikana wa misheni ya UMCA walihamishia mwaka 1925 chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar, na kukiita cha Mtakatifu Andrea. Vilima hivi vya Kisarawe vililea walimu, makarani na waganga wa nchi nzima kabla nchi haijawa nchi.

Sasa turudi Tumbi, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 ikiwa na wahandisi na madaktari wazawa wa kuhesabika kwa vidole. Nyerere alikuwa amekwisha kuwataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Alihitaji marafiki wa kumsaidia kupigana nao, na alipendelea marafiki ambao hawakuwa wakoloni wa jana katika Afrika Mashariki. Nchi za Nordic zilikuwa zinatafuta jambo la kufanya kwa pamoja barani Afrika. Denmark, Finland, Norway na Sweden zikakubaliana na Tanganyika mwaka 1962, na mwaka 1963 kazi ikaanza Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam, kando ya barabara ya Morogoro. Mradi uliitwa Mradi wa Nordic na Tanganyika. Kabla haujatimiza miaka miwili, Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na jina la nchi lililokuwa kwenye mradi likawa limekwisha kupitwa. Mradi wenyewe haukupitwa.

Ukitaka kuuelewa, tazama vitu vilivyojengwa na kwa nini viliwekwa pamoja. Kwa adui ujinga, ilijengwa Shule ya Sekondari Kibaha, na baadaye zikafuata shule nyingine, pamoja na maktaba ambayo watu wa mji wangeweza kuingia. Kwa adui maradhi, kituo cha afya cha Tumbi. Kwa adui umaskini, Kituo cha Mafunzo ya Wakulima, ambako mtu mzima aliyekwisha kuoa na kulima angeweza kuja akakaa, akajifunza mbegu, kuku, ng'ombe wa maziwa na hesabu za shamba, kisha akarudi kijijini kwake. Maadui watatu, majibu matatu, eneo moja, ili mtoto asome, mama yake atibiwe na baba yake afundishwe ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu. Wazo hilo la kuunganisha huduma, ambalo wataalamu wa maendeleo wamekuwa wakiligundua upya kila baada ya miaka kumi, lilikuwa limekwisha kusimama Kibaha wakati barabara hii bado ni nyembamba.

Jambo la pili lililoufanya mradi huu uwe na heshima ni kwamba ulipangwa uishe. Wageni walikuja na kila mmoja alitakiwa amwandae Mtanzania atakayeshika kiti chake. Januari 1970, miaka saba baada ya kuanza, Nordic waliukabidhi kwa serikali ya Tanzania, na ukawa Shirika la Elimu Kibaha, shirika la umma. Miradi mingi ya wageni niliyoisoma na niliyoiona imeishia kwenye kutu na kwenye ripoti. Huu ulikabidhiwa, ukabaki, na ukakua. Kituo cha wakulima kikageuka kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, katika mfumo wa vyuo ambao Tanzania iliuanzisha miaka ya 1970 baada ya kutazama vyuo vya wananchi vya Sweden. Kituo cha afya kikawa hospitali, na leo ndiyo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani.

Hospitali hiyo ina historia nyingine ambayo haikupangwa na mkataba wowote. Barabara ya Morogoro ni njia ya kwenda karibu nusu ya nchi, na pia ni njia ya kwenda Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda na Burundi. Ajali inapotokea kati ya Kibamba na Chalinze, majeruhi wanaletwa Tumbi. Kwa sababu hiyo Watanzania wengi ambao hawajawahi kushuka Kibaha wanalijua jina Tumbi kutoka redioni, likitajwa kwa sauti ya huzuni baada ya basi kupinduka. Nimekutana na watu wa Mwanza na wa Mbeya wanaodhani Tumbi ni jina la hospitali tu, kwamba hakuna kata, hakuna shule, hakuna kijiji. Mahali palipokusudiwa kuonyesha namna ya kuishi pamejulikana nchini kwa habari za vifo. Manesi na madaktari walioshona majeraha ya wasafiri kwa miaka yote hiyo wanastahili kutajwa hadharani, tena pale pale barabarani mbele ya wasafiri.

Na shule? Kati ya mwaka 1966 na 1969 alisoma pale kijana kutoka Msoga aitwaye Jakaya Kikwete. Mwaka 2005 akawa Rais wa nne wa Tanzania. Shule ya Kibaha imekuwa kwa miaka mingi shule ya wavulana wenye vipaji maalumu, na majina ya waliopita humo yamo kwenye vyuo vikuu, hospitali na ofisi za nchi hii. Lakini naona kosa moja tunalofanya tunapozungumza habari za shule kama hii: tunahesabu mawaziri. Kijana aliyefagia bweni, mpishi aliyesonga ugali wa mamia ya wanafunzi kila siku kwa miaka 20, dereva aliyewapeleka wagonjwa Muhimbili usiku wa mvua, nao ni historia ya Kibaha.

Kilomita chache mbele, Kwa Mfipa, kuna sura nyingine mpya. Februari 2022 ilizinduliwa hapo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, mali ya vyama sita vilivyopigania ukombozi wa kusini mwa Afrika: CCM, FRELIMO, MPLA, ZANU-PF, SWAPO na ANC. Chama cha Kikomunisti cha China kilisaidia ujenzi wake. Fikiria basi: kwenye kipande cha barabara ambacho mtu anaweza kukitembea asubuhi moja, mgeni kutoka Helsinki, mpigania uhuru kutoka Windhoek na mhandisi kutoka Beijing, kila mmoja ana lake la kukumbuka. Mzaramo aliyelima hapo kabla yao wote naye ana lake.

Kuna watakaosema kwamba sheria itashughulikia. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kwa ujumla inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya 1886, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Hiyo ni sheria nzuri kwa Kaole na Kilwa. Haiioni Kibaha. Reli ya 1905, misheni ya Maneromango, darasa la Pugu alilofundisha Mwalimu, kituo cha afya cha 1963, vyote ni vichanga mno machoni pake. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, lakini mpaka aambiwe na nani? Mpaka watu wa mahali wajue walicho nacho na waseme. Ndiyo maana kibao kinakuja kabla ya sheria. Kibao hakizuii mtu kujenga, hakimnyang'anyi mtu kiwanja, hakihitaji fidia. Kinahitaji nguzo mbili, bamba, rangi isiyofifia kwa jua la Pwani, kibali cha wenye hifadhi ya barabara, na maneno yaliyopimwa.

Maneno ndiyo kazi yenyewe. Nimejaribu kuyaandika ya Tumbi mara kadhaa nikiwa kwenye kiti cha basi, na kila mara yananizidi nafasi. Haya ndiyo niliyofikia:

"TUMBI. Nchi ya Wazaramo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza hapa shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Januari 1970 kazi ilikabidhiwa kwa Watanzania, nao wanaiendeleza hadi leo. Hospitali iliyo mbele yako imepokea majeruhi wa barabara hii kutoka kila mkoa. Waliojenga kwa mikono yao ni hawa:"

Na hapo ninakwama, kwa sababu baada ya nukta mbili hizo panatakiwa majina. Majina ya wakuu wa mradi yamehifadhiwa kwenye makabati ya Stockholm, Copenhagen, Oslo na Helsinki, na hayatapotea. Majina ya waashi, mafundi seremala, wapishi, madereva, wakunga na wakulima wa darasa la kwanza hayako huko. Yako Kongowe, Visiga, Soga, Mlandizi, Kisarawe na Maneromango, kwenye vichwa vya wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akichanganya zege Tumbi mwaka 1963 leo amevuka 80. Mwanafunzi wa miaka ya mwanzo ana wajukuu wanaomaliza chuo.

Halmashauri inaweza kusubiriwa baadaye, na fedha za bamba zitatafutwa. Walimu wa historia wa shule za Kibaha na Kisarawe wana wanafunzi wenye kalamu na siku za mwisho wa wiki za kwenda kuuliza. Wewe unayesoma, kama babu yako, bibi yako, mjomba au shangazi alifanya kazi Tumbi, Pugu, Minaki au kwenye reli, kaa naye wiki hii. Muulize jina lake kamili, jina la aliyefanya naye kazi, mwaka, na walilipwa kiasi gani kwa siku. Andika kwenye daftari, sio kwenye simu itakayopotea, na chini yake andika mwembe wao uko wapi.